Lori Lililomfuata Bi Shariffa

Bi Shariffa binti Mbarouk aliushika usukani wa lori kwa mara ya kwanza siku mumewe, Mabruki, alipomgonga ng'ombe wa watu akaapa kuwa ni kivuli cha mnazi. Macho yalikuwa yameshakwenda. Bi Shariffa akamteremsha kwa adabu, akamzungusha mpaka upande wa abiria, akapanda yeye. Leseni hana, viatu hana, na mapajani amepakata chungu cha mchuzi wa pweza aliokuwa akiupeleka kwa mkwewe. Walipofika Mtambile mchuzi ulikuwa haujamwagika hata tone. Wapo wanaosema ulimwagika. Hao hawakuwemo garini.

Leseni ilikuja baadae. Inasemekana mkaguzi alipanda naye mara moja tu, akashuka, akamuomba amfundishe na mkewe. Tangu hapo hakuna shamba la mikarafuu upande wa kusini wa Pemba ambalo lori la Bi Shariffa halikuingia. Alipita njia ambazo mbuzi wakizitazama wanarudi. Mvua ikinyesha na udongo mwekundu ukateleza kama sabuni, wenzake walikuwa wanalala. Yeye anashusha kioo, anausikiliza udongo, kisha anakwenda. Na njia nzima anasalimia. Honi moja kwa baraza ya wanaume, mbili kwa wanawake wanaoanika karafuu, na akimuona Shehe anapunguza mwendo kabisa, anatoa mkono nje, anauliza hali ya wajukuu mmoja mmoja kwa majina yao.

Kisha vikaja vyama vingi.

Anaeikumbuka miaka ile hahitaji kuelezwa, na asieikumbuka hatosadiki. Kulikuwa na duka la chama hiki na duka la chama kile, kisima cha hawa na kisima cha wale. Watu walisusiana harusi, wakasusiana hata maziko. Ilifika hadi jogoo wa mtaa mmoja akiwika, wa mtaa wa pili wanangoja kwanza wajue ni wa chama gani ndio waitikie. Bi Shariffa yeye alipakia karafuu. Gunia la huyu chini, gunia la yule juu, kamba moja. "Karafuu haina kadi," alikuwa akisema, na kwa neno hilo pande zote mbili zikamnunia. Hawa wakamwita wa wale, wale wakamwita wa hawa.

Aliemnunia kuliko wote ni Pandu, dereva mwenzake wa Mtambile, mwenye lori lake mwenyewe na chama chake mwenyewe, na vyote viwili alivipenda kupita chakula. Mwaka wa uchaguzi wa mwanzo Pandu alisimama nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, akaapa mbele ya watu kwamba hatolifuata vumbi la Shariffa maisha yake. Na Pandu akiapa ameapa. Kuanzia siku ile, akimkuta Bi Shariffa yuko mbele yake njiani, alikuwa akiegesha pembeni, akazima mashine, akangoja mpaka vumbi litue. Barabara ikaja ikatiwa lami, vumbi likaisha. Pandu akaendelea kungoja. Safari moja alingoja mpaka muhogo uliokuwa ukipandwa kando ya njia ukachimbuliwa, akanunua fungu akaenda nalo kwake.

Ikawa hivyo uchaguzi hadi uchaguzi. Maridhiano yakaja, yakavunjika, yakaja tena. Watu wakarudi kualikana, wakarudi kuzikana. Pandu na Bi Shariffa nao wakarudi kusalimiana, lakini kile kiapo hakuna alieridhiana nacho.

Ni katika maridhiano haya ya pili ndipo Yasser aliporudi kutoka Maskati. Yasser ni mwana wa dada yake Bi Shariffa, kijana aliesomea mambo ya magari yanayojiendesha. Alikuja na mkubwa wake wa kazi, Bwana Azzam, mtu wa Oman mwenye Kiswahili cha bibi yake mzaa mama: maneno machache, yote ya heshima. Wakaleta malori mawili mapya, pacha, meupe mpaka kuku wakijiona ubavuni wanaanza kupigana na vivuli vyao. Na kutoka Unguja wakaja na dereva, Jecha, kijana wa shati la pasi aliekuwa akifuta usukani kwa leso kabla ya kuushika.

Yasser akamwita khalti yake, akamwita na Pandu, kwa kuwa hao ndio madereva waliozijua kona za Mtambile kuliko wote. Akawaweka mbele ya malori, akawaeleza.

"Jambo lenyewe ni hivi. Lori la mbele linaendeshwa na mtu, kama siku zote. La nyuma linalifuata. Juu ya kila moja kuna kisanduku kinachopeleka habari hewani, bila ya waya, na huo tunauita mstari. La mbele likishika breki, la nyuma limeshajua kabla taa nyekundu haijawaka. La mbele likikata kona, na hili linakata. Mtu wa nyuma anakaa tu, mikono mapajani, anaangalia njia. Akiona hatari anagusa breki. Hapo mstari unakatika, na lori linarudi mikononi mwake."

"Na faida yake nini?" akauliza Pandu.

"Msimu wa karafuu madereva hawatoshi, Ami Pandu. Mbele huko dereva mmoja atatoka na malori matatu nyuma yake."

Bi Shariffa alikuwa anakizunguka kile kisanduku kwa macho. Mwisho akatikisa kichwa. "Kumbe ni sala ya jamaa hii. Imamu na maamuma. Imamu akirukuu, safu nzima inarukuu."

"Ndiyo, Khalti. Na kisanduku ndie anaefikisha takbira kwa safu za nyuma, wasiomuona imamu."

Pandu akasugua ndevu. "Mie sisalishwi na mwanamke."

"Hili ni lori, Ami. Halina kibla."

"Basi na lisijidai lina imamu."

Siku kubwa ilikuwa imeshapangwa. Malori yale yatoke Mtambile, yapande na kushuka vilima vyote mpaka Chake Chake, yaingie kiwanja cha Gombani mbele ya wakulima, wanafunzi wa skuli na wakubwa wa serikali. Wa kuongoza, kwa mpango wa wageni, ni Jecha, na wa kukaa nyuma ni Pandu. Bi Shariffa aliwekwa kama akiba, Jecha akiumwa tumbo.

Bi Shariffa alipoambiwa hivyo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, ndio akajibu.

"Yasser mwanangu. Lori linatoka Mtambile, watu wa Pemba wamejaa kiwanjani, na alokaa mbele ni ntu wa Unguja? Hata mikarafuu itatahayari. Mie nimeendesha njia hii tangu ikiwa matope. Siku lori la kwanza linapofuatwa na lori lisiloshikwa, mie nikae na kikapu cha akiba?"

Yasser akenda kwa Bwana Azzam, akarudi na jawabu. Bi Shariffa apewe kujaribu. Nyuma atakaa Pandu, kama alivyokaa kwa Jecha. Akifika Chake Chake mstari haujakatika, yeye ndie atakaeingia mbele Gombani. Ukikatika, ni Jecha.

Jecha alikuwa ameshajaribu na mstari haukukatika. Alikwenda kama maji ya mtungini, hapunguzi haongezi, na Pandu kule nyuma alikaa kitini kama anaenyolewa.

Zamu ya Bi Shariffa, hawajatoka vizuri Mtambile, mstari ukakatika.

"Kuna nini, Ami?" Yasser akauliza.

"Niliona mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Keshapita."

Wakarudi wakaanza upya. Kwenye kilima, ukakatika tena. Safari hii alikuwa ng'ombe. Yasser akatazama njia huku na huku, hapana hata kinyesi cha ng'ombe. Lakini mtu mzima akisema ameona, kijana atasema nini? Bwana Azzam aliandamana nyuma na Jecha katika gari ndogo. Akashuka, akasema kwa upole kwamba labda mwendo wa Bi Shariffa unamtisha mtu wa nyuma. Zile honi, kule kutoa mkono nje, kule kupunguza na kuongeza.

"Lori linadhani unaaga, Bi Shariffa," akasema Jecha.

Kuambiwa anatisha kulimuingia Bi Shariffa pahala ambapo miaka yote ya kununiwa haikufika. Waliwahi kumwita msaliti, kigeugeu, mtu wa huku na huku. Hakuna aliewahi kusema hajui kuendesha. Bwana Azzam akaweka ahadi ya jaribio moja la mwisho siku ya pili yake asubuhi. Likiharibika hilo, basi.

Asubuhi ile Bi Shariffa alitoka Mtambile mikono yote miwili usukanini, Yasser pembeni yake. Hapigi honi. Hatoi mkono. Alipita baraza ya wanaume kimya, akapita majamvi ya karafuu kimya, akampita Shehe kimya, na hilo lilimuuma kama jipu. Nyuma yake ikazagaa habari kwamba Bi Shariffa anaumwa. Nyumba nne ziliteleka uji, na mwanamke mmoja alianza kulia kwa tahadhari. Kiooni alilitazama lori jeupe likija, kona kwa kona, hatua ile ile, na ndani yake Pandu amekunja uso.

Walipokaribia kona yenye ukuta wa mawe, wakalikuta jeneza.

Lilitoka njia ya pembeni, limefunikwa shuka ya kijani, juu ya umati wa kofia nyeupe. Alikuwa ni Mzee Kificho, mtu aliewatahiri nusu ya wanaume wa upande ule, wa vyama vyote. Bi Shariffa akapunguza, akasimama pole pole. La nyuma nalo likasimama pole pole, na mstari haukukatika. Kabla hajavuta hendibreki Yasser ameshashuka, na Pandu ameruka chini na mlango akauacha wazi, mashine inanguruma. Bwana Azzam na Jecha nao wakaja mbio kutoka kwenye gari ndogo. Mwanamume haketi garini jeneza likipita. Anashuka, anatia bega, anampa mwengine, anaandama. Wale wageni na hesabu zao zote walikuwa wamefikiria mvua, wamefikiria mbuzi, wamefikiria watoto wa skuli wakivuka. Jeneza hawakulifikiria, na lilipofika hata wao wenyewe hawakukumbuka kuwa wana malori.

Bi Shariffa akabaki peke yake njiani. Akavuta mtandio, akamsomea marehemu Fatiha, macho yapo kioo cha pembeni. Akaliona jeneza linageuka kuingia njia ya makaburini. Kisha akaliona limesimama.

Lori la nyuma lilikuwa limeuziba mdomo wa njia ile barabara. Huku ukuta wa mawe, huku mtaro na migomba, na katikati ubavu mweupe wa lori. Watu wakarudi nyuma, wakasukumana, jeneza likayumba juu ya mabega. Maiti hasubirishwi. Wakaanza kuulizana kwa macho dereva yuko wapi, na dereva mwenyewe yuko mbele kabisa chini ya jeneza, kichwa amekiinamisha, mguu wa jeneza uko begani, hana pa kutokea.

Bi Shariffa hakufikiri sana. Alisogeze lake mbele lipatikane nafasi, ashuke, akalipande la Pandu alisogeze na lile. Akatia gia, akaachia breki, akaondoka taratibu.

Akatazama kioo. Lori la nyuma linakuja.

Kiti kitupu. Mlango wazi, unapepea kama sikio la punda. Usukani unajizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto, kama umeshikwa na mtu mpole sana. Bi Shariffa alihisi nywele zinamsimama chini ya mtandio, na ndipo alipokumbuka: limefungwa kwake bado. Akisimama, litasimama hapo hapo, katikati ya njia ya maiti. Basi akaenda. Alikwenda mwendo wa kumpeleka bibi harusi, hakukanyaga wala hakuachia, na nyuma yake lori lile lisilo mtu likamwandama kwa adabu ambayo wanawe wa kuwazaa hawajawahi kumpa. Njia ilipofunguka, akasimama. Nalo likasimama.

Jeneza likaingia. Watu hawakuacha kuleta tahalili, ila sauti zilipanda juu kwa ghafla, na mzee mmoja aliekuwa akitembelea mkongojo alikutikana makaburini hana mkongojo, na kafika kabla ya maiti. Pandu aliiona safari nzima kutoka chini ya jeneza. Lori lake linamuacha, linamfuata Shariffa. Na mtu aliebeba maiti hapigi kelele.

Walirudi baada ya talkini kaburini, mikono ina udongo. Bi Shariffa alikuwa ameshazima mashine zote mbili, amesimama kando ya njia.

"Khalti," akasema Yasser, "kiti kilikuwa kitupu."

"Nimeona."

"Lori halitakiwi kwenda bila ya mtu. Ndio sharti la mwanzo."

"Nalijua. Nilitaka kulisogeza langu kisha nirudi kwa lile, nikasahau kuwa bado linanisikiliza. Kosa ni langu, mwambie mkubwa wako." Akamgeukia Bwana Azzam mwenyewe. "Lakini maiti alikuwa amesimama."

Bwana Azzam alikuwa akijipangusa udongo viganjani, kidole kimoja kimoja. "Na sisi tuna letu," akasema. "Mtu akinyanyuka kitini, mstari ulitakiwa ukatike wenyewe. Hilo litatengenezwa leo, kabla ya lori kutoka tena." Akamtazama Yasser. "Ulikatika popote?"

Yasser akafungua kompyuta yake juu ya boneti. Akatazama, akatazama tena. "Haukukatika. Tangu Mtambile mpaka hapa."

Bwana Azzam akamgeukia Pandu, kwa heshima zote za bibi yake. "Mzee wangu, nisamehe nikuulize. Jana wewe uko kitini, mstari ukakatika mara mbili. Leo uko chini ya jeneza, haukukatika. Hao mbuzi leo wamekwenda wapi?"

Jecha akakohoa. Watu waliotoka maziko wakasogea, maana hakuna anaeondoka pahala kama hapo.

Pandu akatazama viatu vyake. "Hapakuwa na mbuzi."

"Na ng'ombe?" akauliza Bi Shariffa.

"Wala ng'ombe. Ni mguu huu." Akaupiga kofi gotini. "Leo ulinikaza toka Mtambile, nikauzuia kwa kuwa Yasser alinitazama vibaya jana. Kilima kinachofuata ungekanyaga, sikufichi. Niliapa, Shariffa. Mbele ya watu, nje ya msikiti."

"Naujua uapo wako. Miaka yote hiyo waegesha pembeni, wangoja vumbi kwenye lami, ntu nzima weye. Mie nikikuona kiooni. Kwani wadhani nilikuwa nakwenda mbio kwa nini? Nilikuwa nakwenda mbio upate kutoka juani."

Watu wakacheka, maziko na yote. Pandu alijaribu kununa, midomo ikamkatalia. Akasema, si kwa Bi Shariffa bali kwa umati, kama alivyofanya mara ya kwanza.

"Kiapo kikivunjwa kina kafara yake. Nitalisha masikini, kama sheria inavyosema, na sitomuuliza mtu kadi. Kisha nitapanda kiti changu. Bwana Azzam, mama huyu hatishi. Mie nilikuwa nikijitisha mwenyewe."

Bwana Azzam akatazama lori la mbele, akamtazama Bi Shariffa, akainamisha kichwa. "Basi Gombani utatutangulia wewe."

Jecha akatoa ufunguo wa akiba mfukoni, akaufuta kwa leso, akampa kwa mikono miwili. "Mie kwenye kona hii ningelisimama tu nikapiga honi, Bi Shariffa," akasema, "nikaitwa mshenzi mpaka Unguja."

Kafara ya Pandu ilipikwa siku ya pili, pilau ya ng'ombe. Walialikwa masikini waliotakiwa na sheria. Waliofika walikuwa zaidi, na waliokula bila ya kuwa masikini ni wengi kuliko hao. Jecha aliteka maji. Malori yalitengenezwa: ukinyanyuka kitini tu, mstari unakatika wenyewe. Yasser alimkalisha na kumnyanyua Pandu mpaka Pandu akauliza kama hiyo ni sala ya tarawehe.

Siku ya Gombani Bi Shariffa alitoka Mtambile amevaa buibui jipya, na njia nzima alisalimia. Honi moja kwa wanaume, mbili kwa wanawake, na kwa Shehe alipunguza akauliza wajukuu wote, na lori la nyuma likapunguza likangoja majibu. Hapana kilichokatika. Walipanda vilima, wakazila kona, wakaikata Chake Chake sokoni katikati, na watu waliacha samaki mizanini wakaja kutazama malori mawili yanavyokwenda kama kanzu na mwenye kanzu.

Kiwanja kilikuwa kimejaa. Walikuwepo wa chama hiki na wa chama kile, wamekaa walivyozoea, huku na huku. Bi Shariffa akaingia geti kwa mwendo wa shwari, akauzunguka uwanja, uso wake umenyooka kama aliezaliwa akiwa mbele. Na nyuma yake, hatua ile ile, likaja lori la Pandu. Pandu alikuwa ameitoa mikono yote miwili nje ya dirisha mpaka kwenye makwapa, ameinyoosha, vidole amevipanua, ili asiwepo mtu kiwanja kizima wa kusema baadae kwamba aligusa.

Kijana mmoja wa upande wa chama chake akamwita kutoka jukwaani, "Mzee Pandu, nani anaekuendesha?"

"Shariffa binti Mbarouk," akajibu Pandu, kwa sauti ya kusikika upande wa pili. "Na nkono wake mzuri."